Kuwatembeza Watoto Wadogo Katika Mashamba ya Viungo ya Unguja: Mwongozo wa Siku Moja

Mashamba ya viungo ya Kizimbani, Kidichi, Dole na vitongoji vinavyopakana navyo yapo kaskazini-mashariki ya Mji wa Zanzibar, na kwa gari mtu hufika huko kutoka Mji Mkongwe kwa kiasi cha nusu saa. Ziara nyingi za mashamba hayo hupangwa kwa ajili ya watalii wazima, wanaotaka kuonyeshwa kila mti, kutajiwa jina lake na faida zake, kupiga picha na kuendelea na mti unaofuata. Mtoto wa miaka minne hawezi kwenda kwa mwendo huo. Baada ya mti wa sita huanza kuburura miguu, baada ya mti wa kumi hulia, na mzazi hurudi mjini akiamini kwamba mwanawe ni mdogo mno kwa matembezi ya namna hiyo. Naamini kwa dhati kwamba hakuna umri ufaao zaidi kwa shamba la viungo kuliko huo, kwa sababu hapo mtoto hujifunza kwa pua, kwa vidole na kwa ulimi. Kinachotakiwa ni mzazi aipange siku upya, apunguze idadi ya miti na aongeze muda wa kila mti. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa familia zenye watoto wa kati ya miaka miwili na minane, wakiwa wakaazi wa Unguja, wageni wanaovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, au jamaa wanaorudi likizo kutoka Muscat, London au Toronto na kutaka watoto wao waione pilau ikiwa bado mtini.

Kuchagua siku na saa

Miezi ya Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, ndiyo mizuri kuliko yote, kwa kuwa hewa ni ya baridi kidogo, njia za shambani zimekauka baada ya masika, na likizo ya Juni ya skuli huangukia humo. Januari na Februari pia zinafaa kwa ukavu wake, ila joto la kaskazi ni kali na watoto huchoka mapema. Mwezi wa Aprili haufai kabisa kwa mtoto mdogo, kwa sababu mvua za masika huligeuza shamba kuwa tope, magogo huteleza, na mbu huzidi. Wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua huja na kupita, hivyo familia inayokaa Unguja inaweza kuamka, kuitazama mbingu na kuamua, lakini anayesafiri kutoka mbali asiifungie safari yake yote kwenye siku moja ya msimu huo.

Karafuu huchumwa kuanzia karibu na Julai hadi mwishoni mwa mwaka, na ukienda katika miezi hiyo unaweza kuwaonyesha watoto si mkarafuu tu bali na karafuu zilizoanikwa juani juu ya majamvi, zikigeuka rangi kutoka kijani na wekundu hadi hudhurungi. Harufu yake huanza kusikika kabla hujateremka garini. Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar siku hizi hutoka Pemba, kwa hiyo mashamba ya Unguja yaliyo wazi kwa wageni yana miti michache ya kila aina, nayo kwa mtoto inatosha.

Ingia shambani saa tatu asubuhi, utoke kabla ya saa saba. Siku ya Ijumaa shughuli hupungua kuelekea adhuhuri kwa ajili ya swala, na si uungwana kumshikilia mwenyeji akutembeze huku anatazama saa yake. Katika mwezi wa Ramadhani mashamba mengi bado hupokea wageni, lakini wanaokutembeza wamefunga, na kuwaonjesha watoto matunda mbele yao kwa saa mbili ni jambo linalohitaji staha. Kama si lazima, subiri mwezi uishe.

Kupata shamba na kuelewana na mwenyeji

Usilichukue shamba kwa mapapasi wa barabarani, yaani madalali wanaowavizia watalii. Bei watakayokutajia huwa na fungu lao ndani yake, na shamba watakalokupeleka ni lile linalowalipa, wala si lile linalofaa watoto. Njia iliyo salama ni kumuuliza dereva unayemjua, jirani mwenye asili ya huko, au mwalimu aliyewahi kuwapeleka wanafunzi, kisha kulipigia simu shamba lenyewe siku moja au mbili kabla.

Katika simu hiyo uliza mambo kwa uwazi. Je, bei ni ya kichwa au ya kundi? Watoto wa chini ya miaka mitano wanalipiwa? Wakaazi wana bei yao? Matunda ya kuonja yamo ndani ya bei au yanalipiwa mbali? Kuna choo cha karibu, na kina maji? Chakula cha mchana kinapikwa hapo hapo, na ukitaka cha watoto kisiwe na pilipili inawezekana? Mzazi akiyapata majibu haya kabla, hatakuwa na haja ya kubishana juu ya fedha mbele ya watoto, jambo ambalo huharibu siku kuliko mvua.

Ukifika, kabla ya hatua ya kwanza, zungumza na atakayewatembeza. Mwambie: “Kaka, hawa wana miaka mitatu na sita. Hatutaki kuona shamba zima. Tunaomba miti minane tu, na kila mti waushike wenyewe.” Mtembeza wageni mzuri hufurahi kusikia hivyo, kwa sababu kazi yake inakuwa nyepesi na ya kupendeza zaidi. Mtazame anavyosalimiana na watoto: akichutama ili macho yake yalingane na yao, umepata mtu. Akiwapita na kuanza kukueleza wewe peke yako habari za biashara ya karafuu, omba kwa upole kama kuna mwenzake aliyezoea watoto. Nawe upande wako wafunze watoto kutoa shikamoo kwa kila mzee watakayemkuta akipalilia au akivunja nazi, maana mle ndani watu wako kazini na pengine majumbani mwao, na mtoto aliyeamkia hupokewa tofauti na aliyepita kimya.

Mkoba

Gari la mtoto la magurudumu liache mjini, kwani njia za shambani ni nyembamba na zimejaa mizizi. Kwa mtoto asiyetembea vyema, kanga mbili imara zinatosha: moja ya kumbeba mgongoni, nyingine ya kumtandikia alale au kumbadilishia nguo. Viatu viwe vya kufunika vidole, na soksi ndefu ni bora kuliko suruali fupi na ndara, kwa sababu ya siafu na miiba midogo ya majani. Nguo ziwe zile usizozionea uchungu. Utomvu wa ndizi na wa fenesi hauondoki kwa urahisi, na manjano hushika nguo papo hapo, ingawa doa la manjano lina udhaifu mmoja ambao mama wengi wanaujua: ukilifua na kulianika kwenye jua kali kwa siku kadhaa, hufifia.

Chukua maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani yanahitajika, na dumu dogo la maji mengine ya kunawia pamoja na kipande cha sabuni. Hili la kunawa ndilo ninalolisisitiza kuliko yote yaliyomo mkobani, kwa sababu mtoto atashika pilipili, kisha atajifikicha jicho, na hapo mchezo umekwisha. Ongeza kisu kidogo kisafi cha kumenyea matunda, kofia, dawa ya kufukuza mbu, kitambaa cha majimaji, na vijaluba au bahasha ndogo za karatasi ambamo kila mtoto atatia majani na maganda yake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, hivyo beba kikapu cha ukili. Pia kinapendeza zaidi mkononi mwa mtoto.

Kanuni za kuwaambia kabla ya kuingia

Zisiwe nyingi. Mtoto mdogo hushika kanuni tatu, na nyingine zote ni kazi ya mzazi mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba hakuna kitu kinachoingia mdomoni mpaka mama au baba aseme ndiyo. Ya pili, mkono haugusi uso mpaka umenawa. Ya tatu, hakuna anayesimama wala kukaa chini ya mnazi. Wafanye wazirudie kwa sauti, nawe uzirudie kila baada ya miti miwili au mitatu.

Kanuni ya kwanza ina sababu nzito. Pembezoni mwa mashamba huota mbarika na mbono, ambazo mbegu zake ni sumu kali na zina umbo la kumvutia mtoto. Ipo pia mitambaa yenye mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, nzuri kama shanga, ambazo zikitafunwa zinaweza kuua. Wapo watembeza wageni wanaopenda kuwaonyesha watu namna utomvu wa mbono unavyopulizwa ukatoa mapovu; waangalie wao wakifanya, lakini usimruhusu mtoto aweke kijiti hicho mdomoni. Hata kungumanga, ambayo tunaitia kwenye keki na uji kwa kuikwaruza kidogo, haifai kutafunwa nzima, kwa kuwa ikiliwa kwa wingi hudhuru akili na moyo. Muhogo mbichi nao usionjwe shambani, kwani baadhi ya aina zake ni chungu na zina sumu ambayo haiondoki bila kuandaliwa na kupikwa vizuri.

Kuhusu wadudu, tazama juu kabla ya kumnyanyua mtoto ashike tawi. Majimoto, wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani na kufanya kiota kama mpira, hupenda sana mikarafuu na miembe, na wakianguka shingoni mwa mtoto hung'ata kwa pamoja. Siafu wanaotembea chini kwa mstari mrefu ni rahisi kuwaona na kuwaruka, na mtoto akionyeshwa mapema huwa ndiye mlinzi wa familia nzima.

Kumzungusha mtoto shambani

Mpangilio wa miti una maana. Anza na kitu kilicho karibu na ardhi, ambacho mtoto anaweza kukifikia bila kunyanyuliwa, na kwa maoni yangu hakuna mwanzo mzuri kuliko mchaichai. Mtoto alikate jani mwenyewe, alivunje, anuse. Karibu kila mtoto wa kwetu ameshainywa chai yake, na uso wake hubadilika pale anapotambua kwamba harufu ya jikoni kwa bibi imetoka kwenye majani haya. Ukimwuliza, “Unaijua hii?” badala ya kumwambia, “Huu ni mchaichai,” umempa kazi ya kufanya, na utaratibu huo wa kuuliza kwanza ndio unaofaa kufuatwa katika kila mmea: mfumbe macho, mpe anuse, mwache akisie, kisha ndipo mwenyeji ataje jina.

Kutoka hapo nenda kwenye manjano na tangawizi, ambazo juu ya ardhi hazina la kumvutia mtoto, lakini chini yake zina hazina. Mwombe mwenyeji afukue shina moja na kumpa mtoto kipande akivunje. Rangi ya machungwa iliyokolea inayotokea katikati ya kitu chenye udongo humshangaza, naye atataka kuchora nayo mkononi. Mruhusu. Vidole vitakaa na rangi mpaka kesho yake, na skuli wataulizana. Iliki nayo i hapo karibu, na watu wazima wengi huipita bila kuiona kwa sababu huitafuta juu, ilhali vikonyo vyake hutambaa chini kwenye tako la mmea. Mwambie mtoto achutame na kuitafuta kati ya majani makavu. Yeye ataiona kabla yako.

Ukikutana na kifauwongo njiani, simama, hata kama hakimo katika miti minane mliyoafikiana. Ni mmea mdogo unaotambaa, wenye majani membamba yaliyopangana kama unyoya, na mtoto akiligusa jani kwa ncha ya kidole majani yote hujikunja na kulala, kisha baada ya dakika chache huamka tena. Una miiba midogo kwenye kikonyo, hivyo agusishwe jani tu. Mpe muda wa kusubiri liamke, kwa kuwa subira hiyo ya kutazama kitu kidogo kikifunguka ndiyo itakayomfunza kwamba mmea ni kiumbe hai.

Sasa nyanyua macho kwenye miti. Mdalasini ndio wa kuanza nao, kwa kuwa mwenyeji anaweza kubandua kipande chembamba cha gamba na kumpa mtoto anuse, kisha agugune kidogo kwa ruhusa yako. Uliza kuhusu mzizi wake pia. Mzizi wa mdalasini haunuki kama gamba lake. Unanuka kama kafuri, harufu ile ile ya dawa ya kuchua ya kifuani anayopakwa mtoto akiwa na mafua. Mtoto aliyenusa gamba, jani na mzizi wa mti mmoja na kukuta harufu tofauti amejifunza jambo ambalo kitabu hakiwezi kumpa.

Mkungumanga huhitaji bahati ya kukuta tunda lililopasuka. Likipatikana, mwenyeji alifungue polepole mbele ya watoto: nyama ya nje ya rangi ya manjano hafifu, ndani yake wavu mwekundu wa kung'aa uliolishika ganda la kahawia, na ndani ya ganda ndiyo kungumanga yenyewe. Ule wavu mwekundu ni basibasi, nayo ni kiungo kingine mbali. Nimeona watoto waliokwisha kuchoka wakirudi mbio waliposikia kwamba tunda linafunguliwa, kwa hiyo ni busara kuuweka mti huu katikati ya matembezi, pale nguvu zinapoanza kupungua.

Pilipili mtama, au pilipili manga kama wengine wanavyoiita, hutambaa juu ya mti mwingine, na punje zake zimejipanga kama shanga. Punje mbichi za kijani zikianikwa huwa nyeusi, na zilizoiva zikaondolewa ngozi huwa nyeupe. Kwa hapa mtoto atazame kwa macho, ashike majani, na anayetaka kuonja aonje mkubwa, kwa sababu punje nzima ni rahisi kumkwama mtoto mdogo kooni.

Vanila pia ni mtambaa, na kwa watoto wa miaka sita na kuendelea ina kisa kinachostahili kusimuliwa mkiwa mmekaa. Asili yake ni Meksiko, na ilipopelekwa nchi nyingine ilichanua bila kuzaa, kwa kuwa ua lake lina kiutando kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike, na uchavushaji haukuwa ukifanyika. Mnamo 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond Albius aligundua namna ya kukiinua kiutando hicho kwa kijiti na kuzikutanisha sehemu hizo kwa kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo, ua kwa ua, kwa mkono, tena siku ile ile ua linapofunguka, kwani siku ya pili limeshanyauka. Mwambie mwenyeji awaonyeshe ishara ya mkono hata kama hakuna ua. Mtoto akisikia kwamba aliyewafundisha watu wazima wa dunia nzima alikuwa mtoto, hilo hulishika.

Mkarafuu uuweke karibu na mwisho. Ni mti mrefu, na kwa mtoto mdogo kinachoonekana ni shina na majani, lakini jani likivunjwa hunukia, na kama ni msimu mwenyeji atashusha kitawi chenye vishada. Waeleze kwamba karafuu ni ua lililochumwa kabla halijachanua. Ukilitazama kwa karibu utaona kichwa cha mviringo kilichofumbwa na vijino vinne vinavyokishika. Kwa watoto wakubwa kidogo hapa ndipo mahali pa historia, nayo isemwe kwa ukweli. Karafuu haikuwa mmea wa visiwa hivi. Asili yake ni visiwa vya Moluku, huko Indonesia, na ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, Kizimbani ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kupandwa. Chini ya Sultani Seyyid Said mashamba yalienea mno, na waliofyeka, waliopanda na waliochuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Sentensi tatu au nne zinatosha kwa mtoto wa miaka minane. Usizifiche kwa kuwa siku ni ya furaha, kwa sababu bila ya watu hao pasingekuwa na shamba la kutembelea.

Malizia na mzingifuri. Ganda lake lina manyoya kama ya kinyama kidogo, na ndani yake mna mbegu zilizopakwa rangi nyekundu ambayo hutumika kutia rangi vyakula. Watembeza wageni huwapaka wasichana midomoni na watoto wote, wa kike na wa kiume, hutaka alama kwenye paji la uso. Rangi hii haina ukali wa pilipili, lakini hakikisha mikono imenawiwa kabla, na nguo nyeupe zimefunikwa kwa kanga.

Mnazi, matunda na kivuli

Katika mashamba mengi matembezi huishia kwa kijana anayepanda mnazi huku akiimba, amefunga kamba miguuni. Watoto hupenda sana. Simameni mbali, upande ambao nazi haziangukii, na mtoto asiombe arudie tena. Ni kazi ya hatari inayofanywa mara nyingi kwa siku, na mpandaji apewe bakshishi yake mkononi, ikiwezekana na mtoto mwenyewe pamoja na neno la ahsante. Dafu linywewe papo hapo likiwa limepasuliwa mbele yenu.

Wakati huo huo huenda mtu mwingine amekwisha kuwasukia watoto taji, pete, miwani au kikapu kidogo kwa majani ya mnazi. Ni kazi nzuri ya mikono. Wakati mwingine hutolewa kama zawadi na malipo huombwa mwishoni, kwa hiyo mzazi atenge mapema fedha ndogo ndogo, azigawe kwa haki kati ya aliyesuka, aliyepanda na aliyewatembeza, asije akabaki na noti moja kubwa ambayo haiwezi kugawika.

Matunda yaliwe mkiwa mmekaa bandani, baada ya kila mtu kunawa kwa sabuni. Omba yakatwe wakati huo huo na wala si yale yaliyokwisha kukatwa na kuachwa wazi. Yatakuwepo kulingana na msimu: mananasi, machungwa, balungi, fenesi, stafeli, shokishoki. Mbegu za stafeli na za topetope ziondolewe kabla ya kumpa mtoto, kwa kuwa hazifai kutafunwa, na shokishoki imenywe na kuondolewa kokwa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajawahi kula fenesi apewe kipande kidogo kwanza, na mwenye mzio wa chakula chochote usimjaribishie kitu kipya mkiwa shambani, kwani hospitali kubwa, kama ile ya Mnazi Mmoja, ziko mjini.

Kama mtakula mchana hapo, pilau ya shambani kwa mchuzi wa nazi ndicho chakula kinachowafaa watoto. Wape mchezo wa kutafuta kwenye sahani kile walichokiona asubuhi, karafuu, iliki au gamba la mdalasini, na kuweka pembeni kabla ya kula.

Kununua

Nunua viungo vizima na uache vilivyosagwa, kwa kuwa kizima hukaa na harufu yake muda mrefu na hakiwezi kuchanganywa na kitu kingine kwa urahisi. Karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia kwenye bilauri ya maji huzama au husimama wima. Inayolala juu ya maji imekauka mafuta yake. Jaribio hilo watoto wanaweza kulifanya wenyewe mezani. Mdalasini uwe wa vigamba vyembamba, na iliki iwe imefumba, ya kijani.

Usinunue zafarani. Zafarani haioti Unguja, na kinachouzwa kwa jina hilo kwa bei ya chini ni ua jingine lenye rangi tu. Chupa ndogo za mafuta ya karafuu na ya langilangi ni nzuri kwa watu wazima, lakini mafuta ya karafuu ni makali mno kwa ngozi ya mtoto na ni hatari akiyameza, hivyo yafungwe mkobani mwa mkubwa na nyumbani yawekwe juu kabatini.

Kabla ya kurudi mjini, na nyumbani jioni

Kama watoto bado wana nguvu, hamamu za Kidichi, nyumba za kale za kuogea, ziko njiani. Seyyid Said alizijenga 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrzad, na ndani yake mna kuba ambazo sauti ya mtoto huvuma chini yake. Robo saa inatosha. Kama wamechoka, ziache. Zimekaa pale tangu wakati huo na zitakuwepo likizo ijayo.

Nyumbani mtoto aoge kwa sabuni mwili mzima, na umtazame nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole kama ameng'atwa. Yale majani ya bahasha yatandazwe juu ya karatasi yakauke, kisha yagundishwe kwenye daftari pamoja na majina yake kwa mwandiko wa mtoto. Kipande cha tangawizi mbichi kilichoanza kutoa jicho kiwekwe kwenye kopo la udongo laini lenye matundu chini, jicho likitazama juu, kifukiwe kwa kina cha sentimita tano, kikae mahali penye kivuli na kunyunyiziwa maji kidogo bila kulowa. Chipukizi huchukua wiki kadhaa kutokeza. Mchaichai ni mwepesi zaidi: shina lenye tako likisimamishwa kwenye bilauri ya maji yanayobadilishwa kila siku mbili hutoa mizizi, na likishatoa huhamishiwa ardhini, uani au kwenye ndoo kuukuu barazani, na kumwagiliwa na yule mtoto aliyelikata.